Kielelezo cha Thelathini na Moja

Kitendawili kikishateguliwa
kila mtu alikuwa na jibu mdomoni.
Miaka kumi na minne nimekalia kiti cha jaji hapa Duluth
na sijamwona shahidi aliyekiri
kwamba yeye angetoa mji.

Nje ziwa limeganda hadi kwenye gati la madini.
Ndani bomba la joto linagonga
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mezani kuna mafaili, kuna soketi ya mguu bandia,
na Kielelezo cha Thelathini na Moja:
kimrija cha kusukwa, cha kuchezea watoto.
Unatia kidole huku, na kidole huku.
Ukivuta kinakubana,
ukisogeza kinakuachia.

Eino Kuusisto alikuwa mvuta nyaya.
Miaka kumi na tisa aliivisha kebo soksi ya chuma
iliyosukwa hivyo hivyo, akaivuta chini ya barabara,
mpaka usiku ule winchi ilipofyatuka
ikaondoka na mguu wake wa kushoto, juu ya goti.
Wakampa soketi ngumu kama ndoo.
Asubuhi kigutu kimevimba, inambana.
Jioni kimesinyaa, inampwaya.
Akavaa soksi moja, akavaa tatu, akafika tisa.
Jumapili moja kanisani aliinuka kuimba
mguu ukabaki umekaa.

Basi akasuka, jikoni, usiku,
kwa nyuzi za kaboni na msumari wa kutundikia sufuria,
soketi inayoshika mguu unapoinuliwa
na kulegea mwenyewe anapoketi.

Bi. Prudhomme, wakili wa kampuni, ana sauti ya kupoza chai:
“Mheshimiwa, soketi ni ya zamani. Soksi ya kebo ni ya zamani.
Kuviunganisha kuna ajabu gani?
Hata mtoto wa chekechea, akipewa hicho kimrija…”

Na sheria inaniamuru nimwite mtu asiyekuwepo,
Mtu wa Ujuzi wa Kawaida.
Hana jina, hana mshahara.
Amesoma kila hataza, kwa kila lugha,
na hajabuni kitu hata siku moja.
Nimwekee karatasi zote za siku ile,
siku ya kuamkia Kuusisto,
nimzibe macho asiione meza yangu.
Lakini macho ya kuzibwa ni yangu.
Jibu nimeshaliona,
na tangu nilione siwezi tena kutoliona.

Namuuliza:
ungetoka kliniki kwako, kwenye plasta na tepu ya kupimia,
ukashuka shimoni kwa wavuta nyaya
kutafuta nini?
Hajibu.
Anatazama viatu vyake. Viwili.

Nisijidanganye. Ipo barua ya muuguzi wa Thunder Bay,
ya mwaka sabini na nne:
“Ingefaa kitu cha kujibana chenyewe.” Basi, mstari mmoja.
Kutamani si kuvumbua,
ila tamaa nayo ni nusu ya ramani,
na nusu hiyo imeninyima usingizi siku mbili.

Halafu zile soksi tisa.
Kama jibu lilikuwa wazi barabarani,
nani aliwaacha watu nusu karne wakivaa soksi tisa?
Mabingwa walikipima kitanda, wakakichora.
Kunguni wake alimjua aliyekilalia.

Saa tano usiku nilitia vidole.
Vyote viwili. Nikavuta, kama kila mtu anavyovuta.
Kalamu ilikuwa pale, shubiri moja tu,
nisiweze kuishika, na karani wangu ameshakwenda kwao.
Nilijua jibu. Limo ukurasa wa sita, nimelipigia mstari.
Mikono ikaendelea kuvuta.

Baadaye, sijui baada ya muda gani,
nikavisogeza vikakaribiana.

Nikaandika: haikuwa dhahiri.
Nikaongeza “kamwe”.
Nikalifuta.